Ukame Aubebe Nani?

Delphine Ouellette alikuwa jikoni anapika ploye, vyapati vyembamba vya kifungua kinywa. Mumewe, Normand, alikuwa mezani, kalamu mkononi. Mbele yake aliketi Gilman, bwana shamba wa kampuni, anakunywa kahawa yao.

Kampuni hiyo hutengeneza chipsi za kugandishwa. Ina viwanda katika nchi kumi na mbili. Familia ya Ouellette imeiuzia viazi miaka thelathini.

"Weka sahihi hapa tu, Norm," alisema Gilman. "Masharti haya nimekupa wewe peke yako. Usimwambie jirani."

Wakulima wa kaskazini mwa Maine, jimbo la Marekani, ndivyo walivyo. Mtu atakusimulia upasuaji wa tumbo lake mwanzo hadi mwisho, lakini mkataba wake hakuonyeshi ng'o. Kampuni ilijua hilo vizuri sana.

Delphine alizima jiko, akauvuta mkataba. "Kipengele cha saba ni cha nini?"

"Mambo ya hali ya hewa tu, shemeji. Kampuni inajiandaa kwa mabadiliko ya tabianchi."

Delphine akasoma. Pampu ya kumwagilia, mkulima anunue mwenyewe. Mbegu mpya inayostahimili ukame, ainunue kwa kampuni. Na jua likikausha viazi vyake, anunue vingine popote kwa pesa yake, alijaze pengo.

Damu ilimchemka. "Kwa hiyo mnajiandaa kwa kutubebesha sisi? Mvua ikikosekana, nyinyi hampotezi hata kiazi kimoja. Sisi tutauza shamba."

"Mimi nimetumwa tu," alisema Gilman. "Nitarudi Jumatatu."

Delphine aliuchukua mkataba, akavuka barabara hadi kwa Ghislaine Thibodeau, bibi shamba mstaafu. Ghislaine alivaa miwani, akasoma polepole.

"Kujiandaa si vibaya," alisema. "Miaka hii ukame umezidi. Pampu na mbegu mpya tunazihitaji kweli. Lakini kampuni ina njia mbili. Inaweza kumsaidia mkulima kumwagilia, viazi vipatikane. Au inaweza kumsukumia hasara kwenye karatasi. Hawa wamechagua karatasi."

"Huo si ujanja, ni wizi," alisema Delphine. "Tufanyeje?"

"Sheria ya jimbo letu inawaruhusu wakulima kujadiliana na kampuni kama kikundi. Lakini kikundi gani, na kila mtu kaficha mkataba wake chini ya godoro?"

Jumamosi jioni watu walikusanyika ukumbi wa kanisa kula maharage, kama kawaida yao. Delphine alisimama watu wakiwa bado wanakula, akasoma kipengele cha saba kwa sauti. Normand aliinamisha kichwa kwa aibu.

Kisha mzee Réal Pelletier akaweka uma chini.

"Mbona hicho ni changu? Niliambiwa nimepewa peke yangu."

"Hata mimi," alisema mwingine.

"Na mimi."

Normand aliinua kichwa. Sasa aibu ilikuwa imemtoka, zimebaki hasira. "Wametufanya wajinga," alisema. "Jumatatu mimi sitii sahihi."

Jumatatu hakuna aliyetia. Familia thelathini na moja ziliunda kikundi, na Ghislaine akawaongoza. Kampuni ilitishia kununua viazi kwingine. Wakulima hawakuyumba. Kiwanda kilikuwa jirani nao, na kilitaka viazi. Wiki tatu kabla ya kupanda, kampuni ikalegea. Italipa nusu ya bei ya pampu. Mbegu mpya itatoa bure mwaka wa kwanza. Ukame ukija, hasara itagawanywa nusu kwa nusu.

Mwezi wa nane mvua haikunyesha kabisa. Pampu ziliokoa sehemu kubwa ya viazi. Vilivyokauka, Gilman alikuja kuvikagua, akaandika nusu ya hasara upande wa kampuni. Normand akamnyooshea mkono amshukuru.

"Mpe mkono, ni mgeni wetu," alisema Delphine. "Lakini usimshukuru. Hajatupatia kitu. Amebeba chake."