Tundu la Sinki

Ilianza na harufu ya sufu iliyolowa, ikipanda kutoka kwenye tundu la sinki, Jumapili mchana, mjini Duisburg. Nilgün, mke wa mwana wa bibi Döndü, alikuwa ametoka kumwaga hapo maji ya tambi yanayochemka, na bibi hakumsikia akiomba ruhusa.

"Wenyewe, wale wasioonekana, wanakaa humo, mwanangu. Maji ya moto hayamwagwi bila hodi."

"Hii Ujerumani, mama. Basi panya wameoga maji ya moto leo."

Mezani, Nilgün na mumewe Ferhat waliongea Kijerumani, kama kawaida. Döndü hakukijua. Alikuja nchi hii kutoka kijijini kwao kumfuata mume mchimba makaa, akapika, akafua, akalea. Sasa mtoto aliyemfundisha kusema "maji" aliongea juu ya kichwa chake kama anayeruka dimbwi. Aliusukuma mkate wake kando.

Alipobaki kuosha vyombo, tundu lilivuta pumzi. Kisha likasema, kwa lugha ya kijijini kwao, kwa sauti nyembamba ya mtoto aliyebabuliwa na maji:

"Wewe ulikuwa unatupigia hodi. Kwa hiyo nakwambia walichosema. Alhamisi wanakupeleka nyumba ya wazee. Hutaulizwa."

Alijua anapaswa kukimbia, lakini hakuna aliyemsemesha hivyo, taratibu, kwa maneno ya mama yake, tangu mumewe azikwe, kwa hiyo alivuta kiti, akainamisha sikio karibu na ile harufu, akauliza, akajibiwa, akauliza tena, siku ile na siku zilizofuata, mpaka Nilgün akamkuta anacheka na sinki.

Shehe aliitwa. Alisoma, akatia maji ya dua tunduni, akawaonya kwa sauti ya chini wafunge midomo yao kabisa, maana jini likitoka hutafuta pa kuingia.

Döndü aliwatazama walivyobana midomo. Yeye mdomo wake ulikuwa umefungwa miaka yote ndani ya nyumba hii.

Akaufungua.

Harufu ikaisha. Shehe akashukuriwa.

Alhamisi Ferhat alibeba sanduku la mama yake, akamwambia wanakwenda kutembea. Mlangoni akamnong'oneza mkewe, kwa Kijerumani, "Usimwambie mpaka tufike."

Döndü akageuka. Kijerumani kilichomtoka kilikuwa safi kuliko cha mwanawe, kwa sauti nyembamba ya mtoto aliyebabuliwa, na ukumbi mzima ukanuka sufu iliyolowa.

"Mwambie sasa," ilisema. "Tunasikiliza sote."