Dume Lisilokanyaga Jikoni

Ndugu zangu wa Bariadi, ninyi mnaosema "mimi ni mwanaume" kabla hamjaulizwa, nisikilizeni.

Mnamfahamu Masele. Msimu ule makampuni binafsi yalipoanza kugombania pamba yetu, nyumba yake ilitulia: bati jipya, chakula tele, mkewe Apolonia na binti yao Salu wa miaka miwili wakicheka uani. Masele mwenyewe alishinda kibarazani kwa Twaibu mwenye duka, akisikiliza redio na kutukana ule mkutano wa wanawake wa Beijing. Eti wanawake wameleta usawa, sasa wanaume watasonga ugali! Watu wazima na ndevu zao, wanacheka hilo asubuhi hadi jioni.

Apolonia akapata msiba kwao Sola. Akapanda juu ya lori la pamba pamoja na wanawake jirani, na Salu akabaki na baba yake.

Kesho yake mtoto akaanza kuharisha. Zahanati alimpeleka, hapo simnyimi haki yake. Nesi akampa pakiti za dawa ya chumvi na sukari, akamweleza: chemsha maji, yapoe, koroga, mnyweshe kijiko kijiko bila kuacha, maana mtoto huyu anakaukiwa maji.

Dume likarudi, likasimama mlangoni pa jiko. Kuinama kwenye mafiga! Na wenzake wa kibarazani wakipita je? Akamlaza mtoto, akatuma mtu aende Mkula kumwita dada yake Elizabeth aje achemshe maji. Mkula, kote huko mbali, jamani! Jirani yake Luhaga alipopita kuuliza hali, Masele alijibu kwamba mtoto ameshakunywa dawa. Aliona haya hata kuomba msaada.

Elizabeth alifika siku ya pili mchana. Salu alikuwa ameshakufa, na pakiti ziko dirishani hazijafunguliwa.

Apolonia aliporudi hakupiga kelele. Aliingia jikoni, akatoka, akamwuliza mumewe mbele yetu sote waombolezaji:

"Baba Salu, kuni zipo. Maji yapo. Ulikuwa unamngoja nani?"

"Dada," akasema Masele.

Wale wa kwa Twaibu walikuwa wamekaa papo hapo. Hakuna aliyecheka.

FUNZO

Uanaume usioweza kumchemshia mtoto maji ni ujinga mtupu. Ukiona haya kushika sufuria, utashika jembe la kuchimbia kaburi, na hapo hakuna atakayekusifu. Wafundisheni wavulana wenu kuwasha moto leo, mama zao wangali nyumbani.