Resi Iliyokaa Lac Vert

Kila asubuhi mtaani Mabanga, mashine ya kushona ya Léoncie husikika kabla ya redio ya jirani. Ateliye yake ni chumba kimoja cha mbao. Ndani mna mashine mbili, pasi ya makaa na kamba ndefu ya kutundikia nguo. Watu humwita Mama Ange, kwa jina la binti yake.

Wiki ile kamba yote ilikuwa nyeupe. Magauni ishirini na sita ya komunyo ya kwanza yalingoja vifungo. Watoto wa parokia wangeyavaa Jumapili, na Ange alikuwa mmoja wao.

Siku ya Jumanne ajenti wa kodi alisimama mlangoni. Aliandika kila kitu alichokiona ndani, kisha akamkabidhi Léoncie karatasi.

"Mama, kodi ya mwaka huu bado. Ijumaa saa sita tunakuja kuweka sele ku mulango, ateliye ifungwe. Na kitu kisitoke, vyote nimeviandika."

"Hata nguo za watoto?"

"Hata sindano, mama."

Ajenti alipoondoka, Léoncie alikaa akiitazama ile kamba. Alitaka kulipa. Lakini pesa yake ilikuwa imeshikwa katika ofisi ileile ya kodi.

Mwaka uliopita walilipa mara mbili. Mume wake, Anastase, ana desturi moja tangu mlima wa moto ulipowakimbiza. Karatasi zote za maana huziweka katika mfuko mmoja, na mfuko huo hukaa kwa dada yake Athanasie, huko Lac Vert, mbali na mlima. Alilipa kodi benki, akaipeleka resi, yaani stakabadhi ya malipo, Lac Vert, kisha akasafiri kununua maharagwe. Mkewe hakuambiwa. Maajenti walipokuja, Léoncie hakuwa na resi ya kuonyesha. Aliogopa, akalipa tena kwa pesa ya vitambaa.

Walipogundua kosa, waliandika barua kuomba pesa iliyozidi irudishwe. Barua ilipelekwa na Nuhu, komisioneri, yaani mtu anayelipwa kuwafuatilia wengine mambo yao maofisini. Sasa ulikuwa mwezi wa saba tangu hapo.

Mchana huohuo Nuhu alipita.

"Mama Ange, dosie yenu ya ile barua iko inatembea!"

"Inatembea kwenda wapi? Miezi saba! Hata chukudu ya mbao yenye kuvunjika gurudumu ingekuwa imefika."

Nuhu alicheka. "Leo imelala kwa shefu. Leta kidogo ya fanta, tuiamushe."

Léoncie alifungua droo ya mashine kutoa pesa. Pembeni alikuwa ameketi Mama Nasiba, jirani yake, akingoja kupindiwa kitenge. Mama huyu alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika ofisi ya serikali, akiandika kitabuni barua zote zinazoingia.

"Nuhu, mwanangu," alisema Nasiba. "Dosie iko na namba gani?"

"Namba iko kule ku biro ya kodi, mama."

"Na kopi yenye kashe, yenye kuonyesha kama barua ilipokelewa, iko wapi?"

Nuhu alitazama simu yake. "Mama Nasiba, siku hizi mambo ilibadilika."

"Mambo ilibadilika. Kashe haikubadilika."

Nuhu aliaga bila fanta. Léoncie alifunga droo polepole.

"Mama, sikuelewa hata moja," alisema.

"Sikiliza. Barua ya ofisi unaandika mbili. Moja inabaki kwao. Ya pili wanapiga kashe, ile muhuri yao, wanaandika tarehe na namba, unarudi nayo. Ile namba ndiyo unaulizia. Usiulizie kwa salamu, wala kwa ndugu wa fulani. Kesho tunaenda."

"Miye sijaingia ile ofisi hata siku moja. Watanicheka."

"Wakicheka, utawangoja wamalize. Kisha utauliza."

Jumatano asubuhi walisimama mbele ya dirisha la mapokezi. Ndani alikuwa Papa Mulumeoderhwa, mtu mnene mwenye miwani, na kitabu kikubwa mbele yake.

"Dosie ya nani?"

"Ya Mama Ange, ateliye ya Mabanga."

"Mama Ange? Huku iko Mama Ange elfu moja."

"Jina lenye kuandikwa ku kodi," Nasiba alimnong'oneza.

"Havugimana Anastase," alisema Léoncie.

Kidole cha Papa Mulumeoderhwa kilishuka ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Léoncie alikifuata kwa macho. Kama barua haikufika, basi miezi saba ilikuwa bure.

Kidole kilisimama.

"Iko. Namba mia nne kumi na saba. Lakini imesimama. Tuliomba ile resi ya kwanza, orijinali. Mulileta fotokopi tu. Tulipiga simu mara tatu."

"Simu gani, papa? Yangu haikulia."

Karani alimsomea namba ya simu iliyoandikwa kwenye barua. Léoncie aliibonyeza katika simu yake, tarakimu moja moja. Jina likatokea kwenye kioo: Nuhu.

Alitaka kupiga kelele. Nasiba alimshika mkono.

"Huyo ni wa kesho. Leo tuangalie Ijumaa yako. Papa, pesa yenye ilizidi haiwezi kuhesabiwa ku kodi ya mwaka huu?"

"Muombe kwa barua. Mukubwa ndiye anaamua. Lakini bila ile resi sina kitu ya kumupelekea. Kesho tunafunga saa tisa."

Léoncie alitoa daftari lake la vipimo vya nguo. Chini ya kiuno na mabega ya mteja aliandika: namba 417, jina la karani, resi orijinali, saa tisa.

Alhamisi Anastase alipanda pikipiki kwenda Lac Vert. Mvua ilikuwa inanyesha. Saa tano alipiga simu.

"Léoncie, mufuko hauko pahali pake. Na Athanasie ameenda shamba."

"Umungoje."

"Na akichelewa?"

"Papa Ange, wewe ndiye ulipeleka karatasi kukimbia mulima. Sasa uingoje mupaka irudi."

Saa nane na nusu Léoncie alikuwa tayari dirishani. Alishika barua mpya, nakala mbili, na juu kabisa aliandika namba yake mwenyewe ya simu. Saa tisa kasoro dakika kumi, Papa Mulumeoderhwa alianza kufunga kitabu.

"Papa, mume wangu yuko njiani."

"Mama, njia ya Sake, ile ya kupita Lac Vert, naijua. Mutu anaweza kuwa njiani mupaka Krismasi."

"Basi usifunge kitabu mbele ya saa tisa."

Karani alimtazama juu ya miwani, akakiacha wazi.

Anastase aliingia akidondosha tope. Athanasie alikuwa ameuning'iniza mfuko juu darini kuuepusha na mchwa. Resi ilikuwa ndani ya kadi ya ubatizo ya Ange, kavu kabisa.

Kashe ikapigwa mara mbili. Léoncie akarudi na nakala yake.

"Jibu kesho," alisema karani. "Sina ahadi."

Ijumaa asubuhi Anastase alienda ofisini kungoja jibu. Léoncie alibaki akishona vifungo. Saa nne, kimya. Saa tano, kimya. Alimpigia mumewe, simu haikupita. Saa sita kamili maajenti wawili walisimama mlangoni, mmoja na gundi, mwingine na karatasi ya sele.

Léoncie aliwaonyesha nakala yake. Yule ajenti wa Jumanne aliisoma.

"Hii inasema muliomba, mama. Haisemi mulikubaliwa."

"Unasema kweli. Piga simu ku biro. Uliza dosie namba mia nne kumi na saba."

Ajenti alimtazama. Katika mtaa ule watu humlilia, au humtukana. Huyu alimpa namba. Alitoa simu.

Léoncie aliinamia gauni la Ange aliloshika, akashona bila kuinua macho.

"Ndiyo, shefu... Mia nne kumi na saba... Havugimana... Ndiyo... Ndiyo."

Aliweka simu mfukoni, akamwashiria mwenzake afunge gundi.

"Imepigwa sahihi leo asubuhi. Pesa yenye ilizidi imelipa mwaka huu. Bwana yako analeta karatasi."

Walipoondoka, Léoncie alitaka kusimama. Gauni likamvuta. Kifungo alichokuwa anashona alikuwa amekipitisha mpaka kwenye kitenge chake mwenyewe. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Siku hizi mfuko bado uko Lac Vert, maana mlima bado uko. Lakini fotokopi ya kila resi inakaa kwenye droo ya mashine, na kila anayelipa humwambia mwenzake siku hiyohiyo. Nuhu alipopita tena kuuliza kama kuna dosie ya kufuatiliwa, Léoncie alimfungulia daftari.

"Andika hapa pesa yote nilikupa ya fanta. Na tarehe. Kisha tia sahihi, kopi mbili."

Nuhu alikumbuka ana haraka.

Jumapili watoto waliingia kanisani kwa mstari mweupe. Mgongoni mwa Ange kulikosekana kifungo kimoja. Mama yake alikuwa amekiacha palepale, kwenye kitenge alichokivaa, naye alikigusa kile kifungo kila wimbo ulipoanza.