Vibao-Macho vya Tanga

Kibao cha duka la mikate kilimtazama Zuhura, kikapepesa mara moja, kikaandika: KARIBU MHANDISI, MKATE WA UFUTA UMETOKA SASA HIVI. Hivyo ndivyo vilivyofanya kazi vibao-macho vya Tanga. Kila kimoja kilikuwa na jicho la kioo na akili ya kupima mwendo wa mtu, kikamrushia mpita njia mwanga wenye maneno yake peke yake. Watu kumi wakikitazama kwa pamoja, kila mmoja husoma lake. Na aliyevifundisha kupima mwendo ni Zuhura mwenyewe. Ndiyo maana alimwita shangazi yake, Bi Mwantumu, kutoka Pangani, aje ajionee.

Bi Mwantumu alitembea kama watembeavyo kwao. Kila mlango alisimama. "Hodi wenyewe! Mmeamkaje? Watoto hawajambo?" Hata roboti ya kufagia aliisalimu.

"Shangazi, hiyo mashine."

"Salamu hailipiwi ushuru, mwanangu."

Kwenye duka la vitambaa Bi Mwantumu akacheka. "Wana maneno hawa! Ati, ENDELEA KUTEMBEA." Zuhura alikuwa akisoma: KANGA MPYA ZIMEFIKA. Akadhani ni macho ya uzee. Kwenye kibao cha bomba la barabarani shangazi akasoma tena, "HAPANA MAJI. Mji wote huu!" Nalo lilikuwa limetoka kumjazia Zuhura kikombe.

Goti la shangazi likaanza kumuuma. Palikuwa na kiti kirefu chini ya kibao. Alipokikaribia, kiti kikajikunja ukutani, taratibu, kama mtu anayefunga mlango asisikike.

Hapo Zuhura akakumbuka. Yeye ndiye aliyevifundisha vibao: asimamaye kila mlango bila kununua ni mzururaji, asipewe pa kukaa. Wenye maduka walimpigia makofi. Wakati ule hakukumbuka kwamba kwao, apitaye milango ya watu kimya ndiye huitwa mtovu wa adabu.

"Kibao kimeniambia NENDA," shangazi alisema, akijikanda goti. "Wewe je, kinakuambiaje?"

Zuhura alikitazama. KARIBU MHANDISI, PUMZIKA. Uso ukamwiva.

"Vivyo hivyo, shangazi."

Bi Mwantumu akajitanda kanga yake vizuri, akamshika mkono.

"Basi usione haya, mwanangu. Twende. Wenyewe hawatutaki."