Chupa ya Mama

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alimsubiri baba yake nyuma ya kioo cha maabara. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na baba alizoea kumtania kwamba bakteria wana adabu kuliko yeye.

Baba alikuwa fundi wa maabara. Alihamisha tone la bakteria kutoka chupa ya jana hadi chupa yenye lishe mpya, ili watafiti waone wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi. Chupa kama hizo zilipangwa safu, na ya mwisho ilianzishwa na marehemu mama, aliyeifanya kazi hiyo mpaka ugonjwa ulipomlaza kitandani.

Juma moja, baba alipootesha tone la chupa ya mama kwenye kisahani ili kulipima, madoa mekundu yalichungulia kati ya meupe ya kawaida. Bakteria wa kigeni walikuwa wameingia. Akapima akiba zote za chupa hiyo, zilizokuwa zikigandishwa tangu mwanzo. Zilizo safi ziliishia pale mama alipoanza kuugua.

"Mikono yake ilikuwa inatetemeka," baba alisema taratibu. "Nilimwambia apumzike, akakataa katakata."

Chiriku, aliyekuwa amefika mlangoni, aliingia akamvuta koti. "Baba, si uchukue doa moja jeupe tu, uendelee nalo? Nani atajua? Wakisikia, watasema mama aliharibu kazi!"

 Baba alishika kijiti cha kuchotea, akakisogeza hadi karibu na doa jeupe.  Kisha akakiweka chini, akafuta macho kwa mkono wa koti, akaenda kugonga mlango wa mtafiti mkuu.

Mtafiti mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, ndugu yangu," alisema. "Tutaanza upya na akiba safi. Hata hao weupe wamebadilika kwa kuishi na wageni, kwa hiyo kazi yote iliyofuata itupwe."

Chupa ikatiwa kwenye mtungi wa mvuke unaoua vijidudu. Chiriku alilia kwa kwikwi, maana aliona kama mama anazikwa mara ya pili.

"Baba, hukumwonea huruma?"

"Nilimwonea, mwanangu. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Tungeficha kasoro ya chupa hii, nani angeziamini zile nyingine? Mama yako alikosea kwa kuwa alikuwa mgonjwa, na hilo si aibu. Aibu ingekuwa kufunika uongo wetu kwa jina lake, naye hayupo tena kuukanusha."