Zamu ya Jumamosi

Mwezi wa tano kijijini Lumemo ni mwezi wa makelele. Mpunga umetoa masuke, punje zina maziwa, na ndege wana habari hiyo mapema kuliko afisa kilimo. Kwelea wakishuka shambani, hawabakizi hata cha kuku. Kwa hiyo kila familia huamia ndege, huwafukuza wasile mpunga. Mtu hupanda juu ya dungu, yaani kichanja kirefu cha miti katikati ya shamba. Anapiga makopo, anarusha udongo kwa kombeo, anapiga kelele tangu alfajiri mpaka jua linapozama. Jioni sauti imekwisha kabisa, anaomba maji kwa kuonyesha kidole.

Silvano na mke wake Balbina walikuwa na shamba la mpunga, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka nyumbani, si mbali na kanisa lao. Waliishi na binti yao Scolastica, mwenye miaka ishirini na tatu. Scolastica alikuwa fundi cherehani sokoni Ifakara. Msimu wa ndege ulipofika, alifunga cherehani na kushika zamu shambani kama wengine.

Silvano alikuwa pia mwenyekiti wa jumuiya. Jumuiya yao ilikuwa na nyumba kumi na nane za Wakatoliki. Kila wiki walisali nyumbani kwa mmoja wao. Mtu akikosa mara mbili, Silvano alikwenda kumjulia hali. Watu walimpenda. Ila sala yake ya kufunga ilikuwa ndefu, na wengine walifungua jicho moja kuangalia kama chai imeiva.

Mambo yalianzia kwenye chakula. Siku hiyo Balbina alipika kambale wa nazi, kambale mnono aliyetoka Kivukoni, kwenye mto Kilombero, asubuhi hiyo hiyo. Scolastica alichukua ugali na mchicha tu.

"Kambale wa Kilombero amekukosea nini?" Silvano aliuliza akicheka.

Scolastica aliweka tonge chini. "Baba, samaki asiye na magamba sili tena. Nasali kwa Wasabato. Ni miezi minne sasa. Nataka kubatizwa."

"Kubatizwa?" Silvano aliacha kucheka. "Ulishabatizwa! Nilikubeba mimi mwenyewe, ulilia mpaka padri akasahau maneno."

"Najua, baba. Sikatai hilo."

"Basi nani amekudanganya? Ni mwanaume?"

"Hakuna mwanaume. Nilikuwa nasoma Biblia pale sokoni nikisubiri wateja. Nikaanza kuuliza maswali. Zamani nilisali kwa sababu baba unasali. Sasa nasali kwa sababu nina la kumwambia Mungu."

 Silvano aliinuka, akanawa mikono, akatoka nje. Maneno ya mtoto yalimuuma. Zaidi ya hayo, aliona aibu. Wanajumuiya wangesemaje? Mwenyekiti anakusanya watoto wa wenzake huku wa kwake anampotea!

Wiki iliyofuata Balbina alisafiri kwenda Chita. Mdogo wake alikuwa amejifungua. Nyumbani walibaki baba na binti, na shamba lilibaki na walinzi wawili tu. Alhamisi Silvano alipanga zamu.

"Kesho mimi. Jumamosi wewe. Siku hiyo nina mkutano wa viongozi wa jumuiya parokiani."

"Baba, Jumamosi ni Sabato. Siwezi kufanya kazi," Scolastica alisema kwa upole. "Nipe Jumapili. Nipe na Jumatatu na Jumanne. Wewe ukapumzike."

"Zamu ya Jumamosi ni yako. Nimemaliza."

"Baba, nakwambia mapema ili usije ukalaumu. Sitakwenda."

Silvano hakutafuta mtu mwingine. Alisema moyoni, atakwenda tu, akiona mpunga unaliwa ataacha huo ujinga. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi alivaa shati jeupe na kwenda mkutanoni. Alijua kabisa kwamba huenda dungu likawa tupu. Alitaka kumkomoa mtoto kwa kutumia ndege.

Ndege hawakuwa na habari na ugomvi wao. Saa kumi Silvano alipopita shambani, majaruba matatu, vile vipande vya shamba vya upande wa matete, yalikuwa yamebaki masuke matupu yanayopeperuka. Katika shamba la jirani alimwona Bi Zaituni juu ya dungu lake. Mama huyo alikuwa amekauka sauti kwa kufukuza ndege wa mashamba mawili.

Silvano alifika nyumbani amejaa hasira. Scolastica alikuwa amekaa uani na Biblia yake.

"Umeona kazi ya dini yako? Majaruba matatu! Sasa chagua. Nyumba yangu, au huo Usabato wako."

Scolastica alimtazama baba yake. Machozi yalimtoka, lakini sauti yake haikuyumba. "Baba, siwezi kumwacha Mungu ili nipate pa kulala."

Aliingia ndani, akafunga nguo zake kwenye kitenge, akatoka. Hakwenda mbali. Bi Zaituni aliishi nyumba ya nne katika mtaa huo huo, naye alimpokea bila maswali.

Jumapili kengele ya kanisa ililia wakati Silvano yuko juu ya dungu. Hakuwa na mtu wa kumwachia shamba. Mwenyekiti wa jumuiya alikosa misa, akawa anapiga kopo. Alikuwa na njaa, na alikuwa na huzuni kuliko njaa.

Karibu na saa nne Bi Zaituni alikuja na chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha. Alikuwa mama Mwislamu wa makamo, mjane, na mjumbe wa Baraza la Kata. Watu wengi waliogombana walikuwa wamepatanishwa naye.

"Za asubuhi, Mwenyekiti? Shuka unywe chai. Nimeacha mjukuu kwenye dungu langu, ana sauti ya kutosha mashamba yote mawili."

Silvano alishuka. "Nzuri, Bi Zaituni. Mwanangu hajambo?"

"Hajambo. Amelia usiku, asubuhi akanifulia mashuka yote. Wewe umepatwa na nini?"

"Mtoto ameacha dini ya wazazi wake. Ningefanya nini?"

"Ngoja nikuambie ninavyojua," alisema Bi Zaituni akimimina chai. "Katiba ya nchi yetu inasema kila mtu ana uhuru wa kuchagua dini yake, na uhuru wa kuibadilisha pia. Mtu mzima halazimishwi kuingia dini, na halazimishwi kubaki. Mzazi anaweza kushauri. Anaweza kuhuzunika, hiyo ni haki yake. Lakini kumfukuza mtoto kwa sababu ya imani yake, hapana."

"Na kazi je? Kila mtu akichagua siku yake ya kukaa, tutakula nini?"

"Hapo umeuliza vizuri. Dini haimwondolei mtu wajibu wake. Mimi nikienda kusali Ijumaa mchana, nani anaangalia shamba langu? Namwomba mtu, nami namlipa kwa siku yangu nyingine. Scolastica alikuambia mapema, au hakukuambia?"

Silvano alitafuna muhogo polepole. "Aliniambia."

"Alikupa siku nyingine?"

"Alinipa Jumapili. Na Jumatatu. Na Jumanne."

"Basi mpunga umeliwa na ubishi. Usiwasingizie Wasabato."

Silvano alitaka kukasirika, akashindwa. Bi Zaituni alimwongezea chai.

"Jambo moja tu, kisha nirudi kwenye ndege wangu. Mume wangu alipofariki, nani alichimba kaburi?"

"Sisi. Jumuiya."

"Wakatoliki kumi na wawili wenye majembe, na wewe mbele. Mlisimama pembeni mkavua kofia mpaka shehe akamaliza dua. Uliniuliza kwanza mimi ni dini gani?"

"Ah, Bi Zaituni! Wewe ni jirani yangu."

"Na yule ni mwanao."

Bi Zaituni alichukua chupa yake akaondoka. Silvano alipanda dungu tena. Ndege walikuwa wametulia, na shamba zima lilikuwa kimya. Kwa kuwa ilikuwa Jumapili, alianza kusali. Alianza sala anazozijua kwa moyo, zile anazoongoza kila wiki. Zilitoka vizuri, bila kukwama. Lakini leo alizisikia kama maneno ya mtu mwingine. Akaziacha. Akajaribu kwa maneno yake mwenyewe.

"Mungu wangu, nimemfukuza mtoto."

Hakuweza kuendelea. Mzee mzima alilia peke yake juu ya kichanja, kopo mkononi. Alipomaliza kulia aliendelea kuongea na Mungu, kidogo kidogo, bila mpangilio. Alimweleza habari za aibu yake, za hofu yake, za mpunga. Alishangaa. Alikuwa ameongoza sala kwa miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kusali namna hii. Ndipo alipoelewa maneno ya binti yake pale kwenye ugali.

Jioni alikwenda nyumba ya nne. Scolastica alitoka mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Silvano alivua kofia. "Nimekosa. Nilikuonea. Nilijua huenda dungu likawa tupu, nikaliacha ili nikushinde. Rudi nyumbani."

"Na kusali kwangu, baba?"

"Sali kwako. Sitasema nimefurahi, ningekuwa mwongo. Lakini nimejua kwamba unamtafuta Mungu kweli, na kwamba mimi siye niliyeshika njia zake zote."

Scolastica alishika mikono ya baba yake. "Mimi pia nilikwenda kusali bila kukutafutia mtu wa zamu. Siku nyingine nitasaidia kutafuta."

Usiku huo huo walipanga upya. Jumamosi alishika Silvano, na mikutano aliomba iwe siku nyingine. Jumapili alishika Scolastica, tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Balbina aliporudi kutoka Chita alisikiliza habari yote. Alimtazama mume wake, akamtazama binti yake, akasema, "Mimi nisipokuwepo hapa, hamuwezi hata kukaa nyumba moja." Siku hiyo alipika vyungu viwili, kambale kwa mumewe na perege mwenye magamba kwa binti. Yeye mwenyewe alikula kotekote.

Jumapili iliyofuata jambo la ajabu lilitokea. Miaka yote, msimu wa ndege, Silvano na Balbina walikwenda misa kwa kupokezana, mmoja kanisani, mwingine kwenye dungu. Safari hii walikwenda wote wawili. Balbina alivaa gauni jipya alilolishona Scolastica. Njiani walisikia makopo yakilia mbali shambani, na juu ya makopo, sauti ya binti akiimba wimbo wa kwao Wasabato. Aliimba vizuri, hata Balbina akaanza kuufuatisha.

Baada ya misa, wanajumuiya walimzunguka Silvano uwanjani. Habari ilikuwa imeshazunguka, maana Lumemo haina siri. Mzee Dionisi, mwenye ulimi mkali kuliko wote, aliuliza mbele za watu, "Mwenyekiti, yule binti yako yuko wapi siku hizi? Hatumwoni kanisani."

Watu waligeuza shingo. Wiki mbili zilizopita swali hilo lingemzamisha Silvano ardhini. Leo aliinua kichwa.

"Scolastica ni Msabato. Sasa hivi yuko juu ya dungu, ananilindia mpunga ili mimi na mama yake tuje kusali. Na mimi jana nilimlindia yeye."

Mzee Dionisi alifikiri. Alitazama wenzake waliokuja peke yao, wake zao wakiwa wamebaki kwenye ndege. Akamtazama Balbina na gauni lake jipya.

"Mwenyekiti," alisema taratibu, "huyo binti hawezi kunitafutia mimi Msabato mmoja?"

Uwanja mzima ukacheka, na Silvano ndiye aliyecheka zaidi.