Kitanda Kilichomzidishia Oliva Kizunguzungu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye useremala wake, Fulgence alimpa mkewe kidonge na kikombe cha maji.

"Meza, mama Dorine. Halafu ulale."

Oliva alimeza, akalala. Ilikuwa mwaka 1994, na mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita hivyo.

Ugonjwa ulianza ghafla. Siku moja nyumba yao ya mtaa wa Mjimwema ilizunguka yote, akatapika mpaka jioni. Baada ya wiki kizunguzungu kile kikali kiliisha, lakini mwili haukutulia tena. Akisimama, anayumba. Akigeuza shingo, anashika ukuta. Majirani wakanong'ona kwamba anajifungia ndani kunywa ulanzi, pombe ya mianzi.

Kisha akaanguka jikoni karibu na moto, mtoto wao Dorine akiwa mgongoni. Mtoto aliungua mkono. Mama mkwe wake, Walburga, alikuja kutoka kijijini Madaba akamchukua mjukuu wake.

"Ukipona utamfuata," alisema.

Oliva hakubisha. Angebisha kwa uso gani?

Fulgence alimpenda mkewe, hilo tusimnyime. Lakini alimpenda kwa kumfungia ndani. Siku hizo biashara ilikuwa imeachiwa huru, na maduka ya dawa baridi yalikuwa yamezagaa mjini. Alinunua vidonge bila kumwuliza daktari. Alipika, akafua, akamkataza mkewe hata kufagia.

Nesi Mwamvua alipohamia nyumba ya jirani, alikuja kuwajulia hali. Akaviona vile vidonge, akauliza Oliva amevimeza tangu lini.

"Hivi ni vya siku chache tu! Nani kawaambia mmeze mwaka mzima?"

"Muuzaji," alijibu Fulgence. "Si vinatuliza?"

"Vinatuliza ubongo, baba Dorine. Ubaya wake ndio huo. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachouambia ubongo kama umesimama au umeinama. Nadhani cha mkeo kiliumia. Ubongo unaweza kujifunza upya, kwa msaada wa macho na nyayo. Hubadilika kufuatana na kazi unayoupa. Wewe umeulaza na kuulevya. Utajifunza saa ngapi?"

Fulgence aliinamisha kichwa. "Nilidhani namtunza."

"Najua, baba. Kesho twendeni hospitali."

Daktari alimpima Oliva, akapanga vidonge vipunguzwe kidogo kidogo. Mwamvua akamfundisha mazoezi: kutembea kando ya ukuta huku akigeuza kichwa, kulia na kushoto, kila siku.

"Mwanzoni utazidiwa. Usiache," alimwambia. "Ila kizunguzungu kikija ghafla, na mdomo umepinda, au mkono umelegea, au maneno hayatoki, kimbilia hospitali."

Kweli alizidiwa. Alitapika, akalia, akamtukana Mwamvua. Fulgence alitoka nje ili asimwone. Mara mbili alikaribia kurudi kule dukani kununua vidonge.

Baada ya miezi minne Oliva alikwenda sokoni peke yake. Kichwa kilikuwa bado kinazunguka kidogo, lakini miguu ilimtii. Kanisani wapo waliosogea mbali alipokaa karibu nao, bado wakimdhani mlevi.

Mwezi uliofuata walikwenda Madaba. Oliva aliinama, akamwinua Dorine bila kuyumba.

Mtoto alipiga kelele. Alimsukuma kifuani kwa mkono wenye kovu, akamnyooshea Walburga mikono. "Mama! Mama!"

Walburga alitazama chini. "Mpe muda, mwanangu. Hakujui."

Hilo lilimchoma Oliva kuliko ugonjwa wote. Hata hivyo hakumwachia. Alitembea naye uani, akienda na kurudi, mpaka mtoto akachoka kulia.